Kuongeza Visanduku vya Mazungumzo katika Programu za Konsoli za BASIC: Mfano wa Daftari la Pishi za Karafuu, Tibirinzi, Pemba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna programu ya BASIC inayoendeshwa katika konsoli inavyoweza kupewa visanduku vya mazungumzo vya kupokelea ingizo bila ya kuandikwa upya. Mfano unaotumika ni daftari dogo la kurekodi karafuu mbichi zinazopimwa kwa pishi, la aina inayoweza kuhitajiwa na mwenye shamba anayeishi Tibirinzi, Chake Chake. Programu hiyo ni ya kielelezo na imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi. Inadaiwa kuwa faida ya kisanduku ni uwezo wake wa kutenganisha hali tatu ambazo amri ya INPUT huzichanganya: swali lililojibiwa, swali lililoachwa tupu na swali lililoghairiwa. Inaoneshwa pia kwamba visanduku vinavyokuja tayari katika baadhi ya matoleo ya BASIC hupoteza faida hiyo, na kwamba njia ya kuazima kisanduku kutoka nje ya programu huihifadhi.

Pishi, kibaba na nukta

Katika msimu wa karafuu, wachumaji wa Pemba hulipwa kwa pishi. Karafuu zilizochumwa hushushwa, huchambuliwa ili kutenganishwa na makonyo, kisha hupimwa jioni mbele ya mchumaji mwenyewe. Pishi ni kipimo cha ujazo na hugawanywa katika vibaba vinne. Uzito kwa kilo huja baadaye, karafuu zikishaanikwa na kukauka, zinapopelekwa kuuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC). Kwa hiyo daftari la mwenye shamba huwa na hesabu mbili zisizofanana: ile ya ujazo, ambayo ndiyo ujira wa mchumaji, na ile ya uzito, ambayo ndiyo mapato ya shamba. Makala haya yanahusu hesabu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa kwa haraka, jioni, na watu wakiwa wamesimama wanangoja.

Mtu anayepima hutamka “pishi tatu na vibaba vitatu”. Programu ya kawaida ya BASIC huuliza swali moja tu:

INPUT "Pishi: ", P

Karani akiandika 3.3, akiwa na maana ya pishi tatu na vibaba vitatu, kompyuta husoma tatu na sehemu tatu za kumi. Kiasi sahihi ni 3.75. Mchumaji amepunjwa pishi 0.45, yaani vibaba 1.8, na hakuna mtu aliyekusudia kumpunja. Kosa la namna hiyo likijirudia kwa siku 20 za uchumaji, upungufu unafikia vibaba 36, ambavyo ni pishi tisa kamili. Karani akitumia mkato badala ya nukta, akaandika 3,3, matokeo hutegemea aina ya BASIC. QBasic hukataa ingizo hilo na kudai lirudiwe tangu mwanzo, kwa sababu mkato kwake ni mpaka baina ya majibu mawili. Programu inayopokea maandishi na kuyageuza kwa kitendakazi cha VAL husimama kwenye mkato na kurejesha 3, bila ya kutoa onyo lolote. Kati ya makosa hayo, lile linalolalamika ndilo lenye nafuu.

Ni vyema kutambua kuwa tatizo hili halitokani na sura ya konsoli. Linatokana na swali lenyewe: programu imeuliza namba moja mahali ambapo lugha ya watumiaji ina namba mbili. Mtu anaweza kulitatua ndani ya konsoli kwa kuuliza mara mbili, kwanza pishi, kisha vibaba. Hata hivyo, maswali mawili yanayofuatana katika konsoli huleta shida nyingine: karani akigundua katika swali la pili kwamba amekosea la kwanza, hana njia ya kurudi nyuma.

INPUT na kukosekana kwa njia ya kughairi

BASIC ilibuniwa na John Kemeny na Thomas Kurtz katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, na programu za kwanza ziliendeshwa mwaka 1964. Toleo la awali halikuwa na INPUT kabisa. Data ziliwekwa ndani ya programu kwa amri ya DATA na kusomwa kwa READ. INPUT iliongezwa miaka michache baadaye. Tangu hapo umbo lake halijabadilika sana. Programu husimama, huonesha swali, hungoja mtumiaji aandike na abonyeze kitufe cha kuingiza, kisha huendelea.

Mtindo huo unachukulia kwamba kila aliyeulizwa atajibu. Katika QBasic, iliyosambazwa pamoja na MS-DOS 5 mwaka 1991, mtumiaji asiyetaka kujibu alikuwa na njia moja, nayo ni kuikatiza programu nzima. Akibonyeza kitufe cha kuingiza bila ya kuandika kitu, kibadilika cha namba hupewa sifuri. Basi kwa programu, mchumaji ambaye hajapimiwa na mchumaji aliyerudi mikono mitupu huwa na rekodi moja. Kwa mchumaji mwenyewe tofauti ni kubwa: wa kwanza anadai ujira, wa pili hadai.

Kiswahili kina kitenzi kinachofaa sana hapa, nacho ni kughairi. Aliyeghairi hakujibu “hapana” wala hakujibu “sifuri”. Ameacha jambo alilokuwa akilifanya, na lililokuwapo kabla linabaki kama lilivyokuwa. Kisanduku cha mazungumzo chenye vitufe viwili, Sawa na Ghairi, kinaingiza tendo hilo ndani ya programu. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kukiongeza. Sababu ya urembo, ambayo hutajwa zaidi, haina uzito mkubwa kwa karani aliyezoea skrini nyeusi.

Visanduku vilivyo tayari na kasoro yao

Mtu anayetafuta njia fupi hukutana kwanza na InputBox ya Visual Basic, lugha iliyotolewa na Microsoft mwaka 1991. Kitendakazi hiki huchukua swali, kichwa na jibu la kuanzia, kisha hurejesha mfuatano wa herufi. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kughairi, hurejesha mfuatano mtupu. Akibonyeza kitufe cha kukubali bila ya kuandika kitu, hurejesha pia mfuatano mtupu. Hali mbili zilizotenganishwa kwenye skrini zimeunganishwa tena ndani ya programu, na juhudi yote ya kuweka vitufe viwili imepotea. Waandishi wa programu wa Visual Basic ya zamani walizoea kuchunguza anwani ya mfuatano huo katika kumbukumbu kwa kitendakazi cha StrPtr, ambacho hurejesha sifuri pale tu mtumiaji alipoghairi. Hila hiyo inafanya kazi, lakini ni vigumu kumweleza mwanafunzi kwa nini anwani ya kumbukumbu ndiyo inayobeba uamuzi wa mtumiaji.

QB64 Phoenix Edition, mrithi wa kisasa wa QBasic, ina _INPUTBOX$ na visanduku vingine vya kuchagua faili, folda na rangi. Ni njia nyepesi kuliko zote kwa aliye na programu za QBasic za zamani, kwani mstari mmoja wa INPUT hubadilishwa kwa mstari mmoja mwingine. Nayo pia hurejesha mfuatano mtupu mtumiaji anapoghairi. Kwa daftari linalouliza jina au maoni, kasoro hiyo inavumilika. Kwa daftari la ujira haivumiliki, hasa pale mfuatano huo mtupu unapopitishwa moja kwa moja kwa VAL na kuzaa sifuri.

Excel inastahili kutajwa kwa upande wa pili. Application.InputBox yake, iliyo tofauti na InputBox ya kawaida ya lugha hiyohiyo, hurejesha thamani ya kimantiki ya uongo mtumiaji anapoghairi. Vitendakazi viwili vyenye jina moja vinajibu swali moja kwa njia mbili, na mwandishi wa programu asiyejua tofauti hiyo hugundua kwa gharama.

Kuazima kisanduku

FreeBASIC, kompaila huria iliyoanza kutolewa mwaka 2004, haina kisanduku cha ingizo kilicho tayari. Upungufu huo unageuka kuwa faida, kwani humlazimu mwandishi aazime kisanduku kutoka katika mfumo endeshi, na kisanduku cha kuazima huleta habari zaidi. Katika Linux ipo programu iitwayo zenity. Ikiamriwa kutoka konsoli, hufungua kisanduku, huandika jibu katika towe lake la kawaida, na inapofungwa huacha namba ya hali: sifuri ikiwa mtumiaji amekubali, moja ikiwa ameghairi. Habari mbili zinapita katika njia mbili tofauti. Jibu linaweza kuwa tupu na bado likajulikana kuwa ni jibu.

Kitendakazi kifuatacho kinauliza pishi na vibaba katika kisanduku kimoja chenye nafasi mbili:

Function UlizaPishi(ByVal swali As String, ByRef vibaba As Integer) As Integer
    Dim As String njia = "/tmp/pishi.txt"
    Dim As String amri, jibu, a, b
    Dim As Integer f, p
    amri = "zenity --forms --title=""Daftari la karafuu"""
    amri &= " --text=""" & swali & """"
    amri &= " --add-entry=""Pishi"" --add-entry=""Vibaba"""
    amri &= " --separator=""|"""
    amri &= " --ok-label=""Sawa"" --cancel-label=""Ghairi"""
    amri &= " > " & njia
    If Shell(amri) <> 0 Then Return -1
    f = FreeFile
    Open njia For Input As #f
    Line Input #f, jibu
    Close #f
    If jibu = "|" Then Return 0
    p = InStr(jibu, "|")
    a = Left(jibu, p - 1)
    b = Mid(jibu, p + 1)
    If NiTarakimu(a) = 0 OrElse NiTarakimu(b) = 0 Then Return -2
    vibaba = 4 * ValInt(a) + ValInt(b)
    Return 1
End Function

NiTarakimu ni kitendakazi kifupi kinachopita herufi moja baada ya nyingine na kurejesha sifuri kikikuta chochote kisicho tarakimu, au kikikuta mfuatano mtupu. Kazi yake ni kuizuia ValInt isikisie. Kama ilivyo kwa VAL, ValInt husoma tarakimu mpaka ikutane na kitu isichokielewa, kisha hukubali ilichopata. Karani aliyeandika herufi O mahali pa sifuri, akapata 1O badala ya 10, angerekodiwa pishi moja.

Mambo matatu katika kitendakazi hiki yanahitaji maelezo. Kwanza, kinachohifadhiwa ni vibaba kwa namba kamili. Pishi tatu na vibaba vitatu ni vibaba 15, na hakuna nukta wala mkato popote. Hesabu ya ujira inagawanya kwa nne mwishoni kabisa, wakati wa kulipa. Pili, thamani inayorejeshwa ni hali ya swali, na kiasi kinapita katika kibadilika cha pili. Sehemu ya programu iliyoita kitendakazi inalazimika kuamua la kufanya kwa kila hali: 1 huandikwa, 0 huulizwa tena kwa kutaja jina la mchumaji, -1 huacha rekodi iliyokuwapo, na -2 huonesha kosa na kurudia. Tatu, karani aliyejaza pishi na kuacha nafasi ya vibaba wazi hurudishiwa -2, ingawa pengine alimaanisha hakuna vibaba. Ukali huu umekusudiwa. Kuandika sifuri ni kubonyeza kitufe kimoja, na sifuri iliyoandikwa kwa mkono ni ushahidi ambao nafasi wazi haiwezi kuutoa mchumaji atakapouliza kesho yake.

Je, vibaba vinne au zaidi vikubaliwe? Kihesabu hakuna dhara, kwa kuwa vibaba vitano ni pishi moja na kibaba kimoja. Kimazoea, hakuna apimaye akatamka “vibaba saba”. Namba hiyo karibu kila mara ni kidole kilichoteleza. Ni afadhali programu iulize tena.

Katika Windows hali ni ya kutatiza kidogo. Mfumo wenyewe una kisanduku cha kuonesha ujumbe, MessageBox, kinachoitwa moja kwa moja kutoka FreeBASIC, lakini hauna kisanduku cha kuandikia. Kwa muda mrefu njia ya mkato ilikuwa kuandika faili dogo la VBScript na kuliendesha kutoka ndani ya programu; InputBox yake, tofauti na ya Visual Basic, huwezesha kutambua kughairi kwa kitendakazi cha IsEmpty. Mwaka 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript imo njiani kuondolewa, kwa hiyo haifai kujengea kazi mpya. Njia iliyobaki ni PowerShell, au kuunda dirisha zima kwa vitendakazi vya mfumo, jambo linalohitaji mistari mingi kuliko daftari lenyewe.

Ritifaa ya Ng'ambwa

Mafunzo mengi ya kuita zenity huonesha maandishi yakiwa ndani ya alama moja za kunukuu, kwa mfano --text='Andika jina'. Mfano huo hauna kosa, mpaka utakapofika Pemba. Miongoni mwa shehia za Wilaya ya Chake Chake, pamoja na Tibirinzi na Wawi, imo Ng'ambwa. Ritifaa iliyo katika jina hilo ni alama ileile ambayo mfasiri wa amri wa Linux huitumia kufungia nukuu. Swali --text='Mchumaji wa Ng'ambwa' hukatika baada ya Ng, sehemu inayobaki huchukuliwa kuwa mwanzo wa kitu kingine, na kisanduku hakifunguki. Shell hurejesha namba isiyo sifuri. Kitendakazi kilichooneshwa juu kingeitafsiri namba hiyo kuwa karani ameghairi, na mchumaji wa Ng'ambwa asingeingia daftarini kamwe, ilhali majirani zake wa Wawi na Tibirinzi wanaandikwa bila ya tatizo.

Hili si jambo dogo la tahajia. Sauti ng' ni sehemu ya kawaida ya Kiswahili, na programu inayoshindwa nayo imeandikwa kwa kudhani lugha nyingine. Ndiyo maana kitendakazi kimetumia alama mbili za kunukuu, ambazo katika BASIC huandikwa kwa kurudufishwa. Ndani yake ritifaa ni herufi kama nyingine. Zipo bado alama nne zenye maana maalumu ndani ya nukuu hiyo: alama mbili za kunukuu zenyewe, alama ya dola, mkwaju wa nyuma na alama ya kinyume ya ritifaa. Ikiwa swali linajengwa kwa jina lililoandikwa na mtumiaji, alama hizo hazina budi kuondolewa kabla. Tahadhari hii ina sababu ya pili iliyo nzito zaidi: jina lenye alama hizo linaweza kugeuka kuwa amri, na kompyuta ikaitekeleza.

Lugha ya vitufe inaangukia hapahapa. Zenity inaruhusu maneno ya vitufe yaandikwe na programu, na kwa hivyo Sawa na Ghairi huonekana hata kama mfumo endeshi mzima uko kwa Kiingereza. Kisanduku cha VBScript hakiruhusu; vitufe vyake hufuata lugha ya Windows. Kazi ya kutafuta istilahi hizi ilishafanywa na wengine. Jambo OpenOffice, iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004, ilionesha kwamba kiolesura kizima chaweza kusemwa kwa Kiswahili. Mwandishi wa daftari dogo ana maneno mawili tu ya kuamua.

Kisanduku kisipofunguka

Kisa cha Ng'ambwa kinafichua udhaifu wa jumla: namba isiyo sifuri haimaanishi kughairi peke yake. Zenity ikiwa haijasakinishwa, mfasiri wa amri hurejesha 127. Programu ikiendeshwa kwa mbali kupitia konsoli isiyo na skrini ya picha, kisanduku hakina pa kufungukia na zenity hufeli. Hali hizi hazina budi kuchunguzwa programu inapoanza. FreeBASIC husoma mazingira ya mfumo kwa kitendakazi cha Environ. Ikiwa DISPLAY na WAYLAND_DISPLAY zote ni tupu, programu hurejea katika LINE INPUT, na kuuliza maswali mawili ya konsoli. LINE INPUT inapendelewa kuliko INPUT kwa kuwa haigawi ingizo kwenye mkato. Katika njia hiyo ya akiba, kughairi kunaweza kuwekewa herufi maalumu, kwa mfano karani aandike G peke yake. Hakupendezi kama kitufe, lakini hali tatu zinabaki tatu.

Konsoli yenyewe isiondolewe. Katika daftari la kawaida, kila rekodi iliyokubaliwa huchapishwa mstari mmoja chini ya mwingine, na karani huinua macho na kuona majina matano au sita ya mwisho. Mistari hiyo ni ukaguzi ambao hakuna aliyeubuni kwa makusudi. Kisanduku kinachofunguka katikati ya skrini huifunika. Kwa sababu hiyo inafaa maandishi ya swali yabebe rekodi iliyotangulia, kwa mfano “Iliyopita: pishi 2, kibaba 1. Sasa:”, ili anayepima na anayepimiwa wote waweze kuiona kabla ya Sawa kubonyezwa.

Linabaki suala la umeme. Tangu mwaka 2010 Pemba hupata umeme kwa kebo iliyopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na hali ni bora kuliko enzi ya majenereta, lakini hakuna karani anayepanga kazi yake kana kwamba umeme haukatiki. Programu inayofungua faili la daftari asubuhi na kulifunga usiku huweka rekodi katika kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika saa moja ya jioni, zinazopotea ni zile za mwisho, yaani za wachumaji waliotoka mashamba ya mbali na kufika wakiwa wamechelewa. Kila Sawa, basi, ifuatwe na mistari mitatu: faili lifunguliwe kwa Append, rekodi iandikwe, faili lifungwe. Ucheleweshaji wake hauonekani kwa mtu anayemimina karafuu katika pishi.